Mteja Hapatikani: Mnara Ukizima Shimoni, Nani Ajulishwe?

Kila Mkenya mwenye simu anaijua sauti ile. Inazungumza taratibu, kwa adabu, na kumwarifu mpigaji kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Imezoeleka hata ikazaa msemo wa mtaani: mtu asiyepatikana kwenye simu husemwa "yuko mteja". Lakini isikilize tena usiku wa upepo mkali, pale mzazi aliye Mombasa anapomtafuta mwanawe aliye Shimoni. Sauti haimwambii kama simu imezimwa na mwenyewe, kama chaji imekwisha, kama mwenye simu yumo baharini mbali na mawimbi ya mnara, au kama mnara wenyewe umezima na kijiji kizima kimo gizani. Hali ni nne, jibu ni moja. Siku ya kawaida tofauti hiyo haina uzito, maana mtu atapiga tena baada ya saa moja. Siku ya maafa tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama boti ya uokoaji itatolewa au watu watakwenda kulala wakidhani mambo ni shwari. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kampuni za simu na zile zinazomiliki minara zinayo majibu ya swali hilo dakika ileile huduma inapokatika, na kwamba sheria ya Kenya inapaswa kuzilazimisha kuyatoa: kwa muda uliowekwa, kwa kila wadi, pamoja na sababu, kwa waokoaji na kwa wananchi.

Shimoni ni mahali pa kuipimia hoja hii kwa sababu pako mwisho wa njia zote. Barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga unaiacha Kanana, halafu ni kilomita 15 hivi za njia moja mpaka gatini. Mbele ya gati kuna mlango mwembamba wa bahari, kisha kisiwa cha Wasini chenye vijiji vya Wasini na Mkwiro, kisha Mpunguti na Kisite, kisha mkondo wa Pemba. Wageni wanapajua kwa pomboo, kwa matumbawe na kwa mapango yanayohusishwa na biashara ya watumwa. Wenyeji wanapajua kwa uvuvi, na kwa ule ukweli kwamba kisiwani hakuna gari hata moja. Mfikirie mama mjamzito wa Mkwiro anayeshikwa na uchungu saa nane za usiku. Simu ya kwanza inapigwa kwa nahodha mwenye boti ya mashine. Ya pili kwa mwenye gari upande wa Shimoni, akangoje gatini. Ya tatu kwa wahudumu wa afya, ili Hospitali ya Rufaa ya Msambweni ijue kwamba kuna mgonjwa njiani. Katikati ya simu hizo tatu kuna pesa. Petroli ya boti na nauli ya gari hutumwa kwa M-Pesa, huduma ambayo tangu ianze Machi 2007 imeingia hata kwenye madau na vibanda vya samaki, na watu wengi hawaweki tena noti nyumbani za kutosha safari ya dharura. Mnara ukizima, nahodha, dereva, hospitali na pochi vyote vinapotea kwa mpigo mmoja, na hakuna aliye nje ya kisiwa anayejua kwamba vimepotea.

Upande wa wavuvi ni vivyo hivyo. Anayetoka na ngalawa au boti ya faiba siku hizi hufunga simu yake ndani ya plastiki, kwa sababu kwenye simu ndimo hupita onyo la Idara ya Hali ya Hewa, bei ya samaki, na habari za mwenzake aliyezimikiwa na mashine huko nje. Kiongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo na wavuvi wake, hupokea onyo kwenye simu na kulisambaza kwa simu. Mpaka wenyewe unaongeza utata, kwa kuwa mtu akisogea kuelekea Vanga na Jasini simu yaweza kushika mtandao wa Tanzania, na mtu akawa hewani huku ndugu zake wa Kenya wakiambiwa hapatikani. Hali ya hewa ya pwani hii nayo haitabiriki kirahisi: kusi likikaza, au matlai yakigeuka ghafla, saa mbili zinatosha kuibadilisha safari ya kawaida kuwa msiba.

Hapa ndipo penye fundo la jambo zima. Maafa mengine hujitangaza yenyewe. Moto huonekana, nyumba ikianguka kuna kishindo, mto ukifurika maji hufika hadi kwa jirani. Kukatika kwa mawasiliano ndiyo ajali pekee inayokula njia ya kuitolea habari. Aliyekatikiwa hawezi kupiga simu kusema amekatikiwa. Kijiji kilichoumia zaidi ndicho kinachonyamaza zaidi, na katika chumba cha waratibu wa maafa kijiji kilichonyamaza hufanana kabisa na kijiji kilichosalimika. Kila afisa huvutwa na anayelia. Simu hamsini zikitoka mahali fulani na sifuri kutoka pengine, magari yataelekea kwenye zile hamsini. Bila taarifa ya kusema "huko kwenye sifuri minara yote imezima tangu saa kumi na moja jioni", uamuzi huo utaonekana wa busara, na utakuwa kosa.

Hayo yametokea kwenye bahari hiihii tunayoogelea. Usiku wa kuamkia 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji. Umeme na simu vikakatika, na mji wenye watu zaidi ya nusu milioni ukatoweka hewani. Dunia ilianza kuelewa ukubwa wa jambo baada ya siku kadhaa, pale Rais Filipe Nyusi aliporuka juu ya maeneo yaliyofurika na kusema huenda waliokufa wakazidi 1,000. Ndege ndiyo iliyofanya kazi ya simu. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kikaipiga Mayotte, kisiwa chenye lugha na ndoa na misikiti inayofanana na yetu. Mawasiliano yalikatika kiasi kwamba mwakilishi wa serikali ya Ufaransa kisiwani alitangaza kuwa waliokufa wanaweza kuwa mamia, pengine maelfu. Hesabu iliyothibitishwa baadaye ilikuwa takribani watu 40. Sisemi kwamba minara peke yake ndiyo iliyoleta tofauti kubwa hivyo. Wengi Mayotte waliishi kwenye vibanda bila hati, na maiti za Waislamu huzikwa upesi. Lakini familia zilizokuwa Marseille, Moroni na Unguja zilikaa siku nzima zikiamini maelfu wamekufa, na hazikuwa na chombo cha kupima lililo kweli na lililo hofu.

Upande wa pili wa sarafu tunao pia, na unafaa kukumbukwa kwa sababu ni wa heri. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliyoanzia Sumatra ilichukua saa kadhaa kuvuka bahari mpaka kufika kwetu. Watu wa Kenya waliona kwenye televisheni na kupigiana simu, maafisa wakaondoa watu kwenye fukwe, na nchi ikapoteza mtu mmoja. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Somalia, ambako habari haikuwa na njia ya kupita, ilipoteza karibu 300. Ni kweli Puntland ilipigwa na mawimbi makubwa zaidi kuliko sisi. Hata hivyo, jambo lililowaondoa watu ufuoni Mombasa na Malindi lilikuwa neno lililofika kabla ya maji.

Tangu wakati huo serikali zimejifunza kutuma neno. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa kaunti za Pwani, na Rais William Ruto alilitaja katika hotuba yake ya 3 Mei akiahirisha kufunguliwa kwa shule kwa sababu ya mafuriko. Siku iliyofuata Hidaya ilitua Mafia ikiwa imepungua nguvu. Umoja wa Mataifa nao umeweka lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe anafikiwa na onyo la mapema. Lengo ni jema. Ila onyo ni njia ya kwenda tu. Likitumwa kwa simu milioni moja na simu elfu kumi zikawa kwenye minara iliyozima, mtumaji ataandika kwamba ametuma. Ili ajue halikufika Wasini, inabidi mtu amwambie kwamba Wasini hakuna mtandao, akapeleke neno hilo kwa njia nyingine. Taarifa ya kukatika kwa huduma ndiyo njia ya kurudi, nasi hatujaitengeneza.

Siyo kwamba Kenya haina kanuni. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 inaipa Mamlaka ya Mawasiliano nguvu juu ya leseni zote, na Mamlaka hupima ubora wa huduma kaunti kwa kaunti: simu ngapi zinaunganishwa, ngapi zinakatika katikati ya mazungumzo, intaneti ina kasi gani, huku kampuni ikitakiwa kufikisha angalau asilimia 80. Kipimo hicho kina faida yake. Lakini ni picha inayopigwa siku ya jua na kuchapishwa miezi baadaye. Hakiwezi kumwambia mratibu wa maafa wa Kaunti ya Kwale kwamba usiku huu, saa hii, wadi ya Pongwe/Kikoneni haina mnara hata mmoja unaofanya kazi. Na pale huduma inapoyumba kwa nchi nzima, habari hutolewa kwa jinsi mtoaji anavyoona inafaa. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Mamlaka ilitoa taarifa kueleza kilichotokea, na Tanzania waziri Nape Nnauye akawaeleza wananchi. Walifanya vyema. Ila ilikuwa taarifa ya jumla ya nchi, na Shimoni si nchi nzima. Shimoni inaweza kukatika usiku mzima bila mtu wa Nairobi kuhisi lolote.

Wiki sita baadaye tukaona hasara nyingine ya kutokuwa na utaratibu. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipokuwa wakiandamana hadi Bungeni, intaneti ilizorota vibaya. Siku moja kabla, Mamlaka ilikuwa imesema haina nia ya kuzima mtandao. Kampuni zikaeleza kwamba nyaya za baharini zilikuwa na hitilafu. Wapo walioamini, wapo ambao hawakuamini mpaka leo, na jambo likaingia mahakamani; Mei 2025 Mahakama Kuu ikatoa agizo la muda la kuzuia serikali kuzima intaneti wakati kesi ikiendelea. Sitaki kuamua hapa nani alisema kweli. Ninachosema ni kwamba kama kampuni zingekuwa na wajibu wa kuwasilisha taarifa rasmi ndani ya saa mbili, zikitaja kilichokatika, wapi na kwa sababu gani, na taarifa kamili yenye ushahidi ndani ya siku 30, swali hilo lingekuwa na hati ya kulijibu. Kanuni ya kuripoti humlinda hata mwenye kampuni aliye mkweli, kwa sababu siku hitilafu ikiwa ya kweli anakuwa na cha kuonyesha.

Muda huo wa saa mbili na siku 30 nimeuchukua Marekani, ambako kanuni za kuripoti zilianza 1992 kwa simu za waya na 2004 zikapanuliwa hadi simu za mkononi. Kimbunga Katrina, Agosti 2005, kiliwafundisha kwamba ripoti za siku za kawaida hazitoshi wakati wa maafa, hivyo 2007 tume yao ya mawasiliano, FCC, ikaanzisha mfumo maalumu: ukiamshwa kabla ya kimbunga kufika, kampuni hujaza kila siku ni minara mingapi iko hewani na mingapi imezima, kaunti kwa kaunti, na kama sababu ni umeme, ni waya wa kusafirishia mawasiliano, au ni mnara kuharibika. Muhtasari wake hutolewa kwa umma. Ndiyo maana dunia ilijua, siku ya pili tu baada ya kimbunga Maria kuipiga Puerto Rico Septemba 2017, kwamba zaidi ya asilimia 95 ya minara ya kisiwa hicho ilikuwa imezima. Kwa miaka mingi mfumo huo ulikuwa wa hiari. Januari 2024 tume iliamua kuufanya lazima kwa kampuni za simu na za kebo. Nchi yenye kampuni tajiri, ushindani mkali na mawakili wengi ilichukua miaka 17 kukubali kwamba hiari haitoshi. Hatuna haja ya kuirudia safari hiyo kwa miguu yetu.

Sababu ya kukatika si jambo la kujaza fomu tu. Mnara wa simu unakula umeme wa Kenya Power. Umeme ukikatika unashika betri, na betri zikichoka, jenereta kama ipo. Jenereta inataka dizeli, dizeli inataka lori, na lori linataka barabara. Barabara ya kwenda Kanana huvuka Mto Ramisi, na zaidi kusini Mto Umba, unaoshuka kutoka milima ya Usambara, hufurika Vanga hata siku ambazo Vanga yenyewe haijanyeshewa. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mnara unaweza kuwa umesimama wima, taa yake nyekundu inawaka, lakini hauna pa kupeleka sauti, kwa sababu mkonga uliouunganisha umekatika au mnara wa jirani uliokuwa ukiupokelea mawimbi umezima. Katika mlolongo wa minara unaoishia ufuoni, mmoja ukianguka kati unaweza kuwanyamazisha wote walio mbele yake. Kwa hiyo anayejua kwamba "hakuna netiwaki" bado hajajua la kufanya. Anayejua kwamba betri zimeisha atatuma dizeli, kwa boti ikibidi. Anayejua kwamba mkonga umekatwa na maji atatuma mafundi wa kuunga. Anayejua kwamba mnara umelala chini ataomba mnara wa kuhamishika au simu za setilaiti. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoisumbua Pwani nzima, Kwale ikiwemo, na tena katika mafuriko ya masika ya 2024, maswali haya yalikuwa ya kila siku.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wahandisi, nami naliheshimu kwa sababu hutoka kwa watu wanaofanya kazi usiku kwenye matope. Wanasema: mnatutaka tujaze fomu au turudishe huduma? Jibu ni kwamba habari hiyo tayari wanayo. Kila mnara wa kisasa hutuma kengele yenyewe kwenye chumba cha usimamizi wa mtandao: umeme umekatika, betri imebaki kiasi fulani, mawasiliano yamepotea. Chumba hicho kina watu saa 24. Kinachodaiwa ni kuchukua orodha iliyomo kwenye kioo mbele yao, kuikusanya kwa wadi, na kuituma. Fundi aliye juu ya mnara hahitaji kushika kalamu. Na wajibu huu wa kila siku uamshwe tu pale Idara ya Hali ya Hewa inapotoa onyo la ngazi ya juu au serikali inapotangaza maafa, ili usiwe mzigo wa mwaka mzima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: usalama. Al-Shabaab wameangusha minara mara nyingi Mandera, Wajir na Garissa, kwa lengo hilohilo la kukata watu na vikosi. Je, kutangaza minara iliyozima si kumpa adui ramani? Lingekuwa kosa kutangaza mahali hasa ulipo kila mnara na idadi ya saa zilizobaki kwenye betri zake. Ndiyo maana nataka ngazi mbili. Taarifa kamili, mnara kwa mnara, iende kwa Mamlaka, kwa Kituo cha Kitaifa cha Operesheni za Maafa, kwa serikali ya kaunti, kwa walinzi wa bahari na kwa Msalaba Mwekundu, chini ya masharti ya siri. Wananchi wapewe picha ya wadi: huduma iko kamili, imepungua, au hakuna kabisa. Marekani nako ripoti za kina hufungwa na muhtasari hutolewa. Tena aliyeangusha mnara hahitaji kuambiwa kwamba umeanguka. Anayehitaji kuambiwa ni mkazi wa wadi ya jirani na askari anayetumwa huko.

Kuna wasemao kwamba kampuni zitaumbuliwa mbele ya washindani wao. Kwa muhtasari unaojumlisha kampuni zote pamoja, hofu hiyo inapungua sana, hasa kwa kuwa mara nyingi kampuni zinatumia minara ya pamoja na zinaanguka pamoja. Hata kama isingepungua, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma bora na ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na kinataja huduma za watu binafsi sawa na zile za umma. Kampuni iliyoomba na kupewa masafa ya redio, ambayo ni mali ya umma, haiwezi kudai kwamba kuzima kwake ni siri ya duka.

Pingamizi ninaloliona la haki kuliko yote ni kwamba hesabu hizi zinaweza kudanganya hata zikiwa za kweli. Mnara mmoja uliozima katikati ya Diani, uliozungukwa na mingine kumi, hauna maana sawa na mnara mmoja uliozima mbele ya Wasini. Asilimia 90 ya minara ya Kwale ikiwa hewani, kichwa cha habari kitasema Kwale iko salama, na wale wa asilimia 10 watakuwa ndio wale wale wa mwisho wa barabara. Puerto Rico pia mnara uliohesabiwa kuwa hewani haukuwa na maana kwamba watu wote waliouzunguka walipata mawasiliano. Kwa hiyo fomu ya Kenya isihesabu minara pekee. Itaje wadi na visiwa ambavyo havina huduma kutoka kwa kampuni yoyote, na ikadirie idadi ya watu waliomo. Mstari huo mmoja una thamani kuliko jedwali zima. Na nakubali bila kusita kwamba ripoti haiwashi mnara. Betri kubwa zaidi, paneli za jua, njia ya pili ya mkonga, yote hayo yanahitaji fedha, na Mfuko wa Huduma kwa Wote unaosimamiwa na Mamlaka unapaswa kuzielekeza huko. Lakini mfuko hauwezi kujua ni minara ipi inazima kila masika kama hakuna anayeandika. Ripoti za miaka mitatu zingeonyesha, bila mjadala wa siasa, ni wapi pa kuanza.

Mwishowe kuna wanaouliza faida ya kuwatangazia watu wa Shimoni kwamba Shimoni hakuna mtandao, ilhali wao ndio wa kwanza kujua. Ni kweli wanajua, na taarifa hii haikukusudiwa masikio yao kwanza. Imekusudiwa dada aliye Ukunda, asikie kwenye redio Pwani FM kwamba ni wadi nzima iliyokatika, si simu ya kaka yake peke yake. Imekusudiwa wauguzi wa Msambweni, wajue kwamba usiku huu hawatapigiwa simu kutoka visiwani na hivyo gari likakae gatini bila kuitwa. Imekusudiwa walinzi wa bahari, wapite mbele ya Wasini na Mkwiro kuangalia. Imekusudiwa mamlaka za Tanzania, kwa sababu wavuvi wa Pemba hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, upande wetu na wetu hufika kwao, na shirika la mamlaka za mawasiliano za Afrika Mashariki, EACO, lipo tayari kuwa njia ya kupitisha taarifa kama hizo. Na imekusudiwa chifu aliye upande wenye mtandao. Akipokea ujumbe saa tatu usiku kwamba minara yote kutoka Kanana hadi baharini imezima kwa kukosa umeme, na kwamba onyo la mawimbi la kesho asubuhi halijawafikia wavuvi, anaweza kulichapa onyo hilo kwenye karatasi, akamwita kijana wa bodaboda, akamlipa petroli ya kwenda na kurudi, akamtuma kilomita 15 hadi kwa mwenyekiti wa BMU kabla ngalawa ya kwanza haijasukumwa majini alfajiri.